Mwaka Niliosikilizwa na Mmoja Tu

Kama leo umeambiwa kwamba kifua chako kina ugonjwa, ukarudi nyumbani ukakuta umeshatengewa sahani yako na kikombe chako, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Mie si mganga wala sikusomea udaktari. Nilichonacho ni mwaka mmoja na kitu wa maisha yangu, ambao niliupitia karibu peke yangu, na sasa wagonjwa wapya huletwa barazani kwangu kuniuliza ulikuwaje, binti yangu akinifikishia maneno yao kwa ishara. Wengi huuliza juu ya sindano. Wachache, wakishakunywa maji, huuliza lile ambalo hata mie lilinikosesha raha: Mungu ananionaje katika hali hii?

Jina langu Mwanahawa. Wakati huo tulikuwa tukikaa Temeke, mie, mume wangu Selemani aliyekuwa akipakua mizigo bandarini, mama yangu mzazi, na binti yetu Zena, ambaye maneno yake ndiyo kwanza yameanza kueleweka na watu wengine zaidi yetu. Mtaani nilijulikana, na kilichonijulisha ni sauti. Nilikuwa mwimbaji wa mbele katika chama chetu cha lelemama. Tukicheza arusini, wanawake mstari mzima katika kanga za namna moja, pembe zinagongwa, mie ndiye niliyetoa wimbo na wenzangu wakaitikia. Wapinzani wetu wa mtaa wa pili walikuwa na mwimbaji wao, na watu waliweza kugombana mpaka asubuhi juu ya nani kati yetu ana koo zaidi.

Kikohozi kilianza mvua za vuli zikiisha. Nilidhani ni vumbi, kisha nikadhani ni mafua yaliyogoma kutoka. Nikakonda mpaka bangili zikawa zinateremka zenyewe nikiinua ndoo. Jioni nilipata homa ndogo, asubuhi naamka shuka imelowa jasho. Siku moja katika arusi, katikati ya ubeti, sauti ilikatika kama uzi. Nilikohoa ndani ya kanga, na nilipoitazama kanga, nikaikunja upesi. Rafiki yangu Mwajuma, aliyekuwa akisimama kulia kwangu siku zote, aliiona. Akaudaka wimbo pale pale akaumaliza yeye, hata wageni hawakujua.

Hospitali walinisimamisha mbele ya ubao wa baridi, wakanipiga picha ya kifua. Daktari, Mzungu mrefu mwenye miwani, aliiinua ile picha dirishani akaitazama kwa muda mrefu bila kunitazama mie. Halafu akasema na dresa, yule msaidizi wake wa kufunga vidonda na kupiga sindano, na dresa akaniambia kwa Kiswahili: kifua kikuu. Nitalazwa kwanza, nitapigwa sindano kila siku, nitameza vidonge. Na mtoto mdogo nyumbani asinikaribie, nisimlishe kwa mkono wangu, nisilale naye.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka tukwambie."

Ukiniuliza ni nini kilichoniuma kuliko vyote katika ugonjwa ule, sitataja sindano. Ni siku niliyotoka wodini baada ya miezi kadhaa, nikaruhusiwa kwenda nyumbani na kurudi kliniki kwa sindano. Nilipoingia uani, Zena aliacha mchezo wake akanikimbilia mikono juu. Mama akamdaka njiani, akamnyanyua, akageuka naye upande wa pili. Mtoto alilia akinyoosha mikono juu ya bega la bibi yake, na mie nikasimama pale, na kopo langu la mate lenye kifuniko, kama mtu aliyekuja kuuza kitu asichotakiwa.

Mama alikuwa sahihi. Ndivyo daktari alivyosema. Lakini tangu siku ile kila kitu kilikuwa hivyo: chakula kinaachwa kizingitini, mlango unarudishwa kwa mguu. Sikumlaumu kwa mdomo, ila ndani nilikuwa nalia.

Selemani ndiye aliyefikiri juu ya shangazi yangu, Bi Tatu, dada wa marehemu baba. Alikuwa mjane, anaishi peke yake Kinondoni. Siku hizo Kinondoni nyingi ilikuwa bado mashamba, nyumba hapa na nyingine mbali kule, katikati minazi na mihogo. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kibanda alichokuwa akihifadhia nazi.

"Mlete," Bi Tatu alimwambia. "Nazi zitakaa nje."

Nilipofika nikamwamkia kwa mbali, "Shikamoo shangazi," nikabaki nimesimama njiani.

"Marahaba. Mbona umesimama huko kama mdai?"

"Nina ugonjwa wa kifua, shangazi. Unaambukiza."

"Nimeambiwa. Nimezika waume wawili na ndui niliiona kwa macho haya." Akatema tumbaku pembeni. "Wakati wa kula, wewe utakaa upande ule, mie upande huu unakotoka upepo. Sahani zako ziko kule, zangu ziko huku. Lakini tutakula pamoja, tunatazamana. Mie sipeleki chakula mlangoni, mie si mpishi wa jela."

Na hivyo ndivyo tulivyokula muda wote ule, mikeka miwili, upepo katikati. Bi Tatu alikuwa mtu wa maneno makali na kimya kirefu. Alilima mchana kutwa, na baada ya chakula hakuwa na hadithi. Sikumbuki hata siku moja aliyonifariji kwa maneno. Lakini nilipokula na mtu ananitazama usoni, chakula kilishuka.

Siku za kwanza wenzangu wa chama walikuja kunitazama. Walikaa mbali kidogo, wamejaza mkeka, wakaniletea habari: arusi ya nani, wapinzani wameimba nini, kanga mpya iliyotoka, nani ameshika nafasi yangu. Walikuja kwa mapenzi, najua. Lakini wakishaondoka nilikuwa siwezi kusali. Nikifunga sala, kichwani zinapita nyimbo na majibu ya nyimbo. Nilikuwa nalala na ile arusi, naamka nayo. Nilipimwa na kila aliyekuja: mmoja ananiona nimekonda, mwingine ananiona nimenawiri, mwingine ameambiwa na mganga kwamba nimerogwa na wapinzani kwa ajili ya sauti. Kule kliniki daktari aliona picha. Nyumbani mama aliona hatari. Chamani waliona nafasi iliyo wazi. Nikajiuliza, huyu Mwenye kuona bila pazia, Yeye anaona nini akinitazama?

Tangu utotoni nilisikia juu ya watu wa tarika wanaoingia khalwa, wakajitenga na watu ili wakae na Mola wao. Mie si mtu wa tarika wala sikuwa na elimu hiyo. Lakini nilikuwa tayari nimeshatengwa. Nikasema moyoni, nilichotengewa na ugonjwa, ngoja nikifanye kwa hiari yangu.

Mwajuma alipokuja tena nilimwambia, "Dada'ngu, usinielewe vibaya. Naomba msije kwa sasa."

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Nataka kunyamaza nisikie."

"Usikie nini, Mwanahawa, huku porini?"

Alikunja kanga yake aliyokuwa ameikalia, akaondoka bila kugeuka, na hawakuja tena. Nilidhani kujitenga na dunia kutaniletea utulivu palepale, kama mtu anayefunga dirisha kelele zikabaki nje. Haikuwa hivyo. Kilichokuja kwanza ni upweke, upweke wa kumhesabia mtu nyayo zake njiani ukitumaini atakata kona kuja kwako. Nilisali vipindi vyote, nikaomba kwa maneno yangu mwenyewe, na kila nilipomaliza kulikuwa na minazi tu na kuku wa Bi Tatu. Nawaambia hili waziwazi wale wanaodhani wao peke yao ndio wasiojibiwa. Nilikaa hivyo kiangazi kizima.

Mtu mmoja tu nilizungumza naye siku hizo zaidi ya shangazi na mume wangu. Kliniki tulikuwa na benchi letu wenye vifua, nje chini ya upenu, mbali na mabenchi mengine. Aliyekuja na kidonda au homa akiketi pale kwa kutojua, dresa alimwondoa kwa ishara ya kidole, naye alinyanyuka akijikung'uta nguo. Pale nilizoeana na Mama Petro, mke wa karani mmoja, Mkristo wa bara, kwao Unyakyusa. Alikuwa na sauti ndogo na Kiswahili cha polepole, kila neno limesimama peke yake. Alikuja na kitambaa cha kufuma ili mikono isikae bure.

Siku moja aliona midomo yangu inacheza.

"Unaomba?" akaniuliza.

"Naomba."

"Unamwambia nini?"

"Simwambii. Namwuliza. Ananionaje."

Akafuma kidogo. "Mimi namwambia nimechoka," alisema. "Kila siku hilo moja. Zamani niliomba maneno mazuri, kama ya kanisani. Sasa yamekwisha. Imebaki nimechoka."

"Na anakujibu?"

"Hajanijibu. Lakini hajanichoka na Yeye." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshikia kopo lake.

Basi sindano zikaendelea. Makalio yakawa magumu kama ngozi ya ngoma, dresa anatafuta mahali pa kupenya. Homa ya jioni ilikuwa imeondoka, jasho limekauka, na bangili zimeanza kupata pa kushika. Nikafurahi. Halafu, mawingu ya masika yakiwa yanaanza kujikusanya, nikasikia mlio masikioni, kama nyenje aliyeingia ndani asijue pa kutokea. Nikitembea, ardhi inayumba. Nikisujudu, nikiinuka nashika ukuta. Siku moja Bi Tatu aliniita mara nyingi nikiwa nafua, mpaka akanirushia ganda la muhogo.

Nilimweleza daktari. Mara hii alinitazama mie. Aliweka saa yake karibu na sikio langu moja, akaihamishia jingine, akaninong'oneza nyuma ya kisogo. Kisha akasema, na dresa akanifasiria taratibu. Dawa hii hufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Tukiacha sasa, kifua kinaweza kurudi, na kikirudi kitarudi kwa nguvu. Tukiendelea, masikio huenda yasirudi. Ni lazima niseme mwenyewe ninataka lipi.

"Naomba nifikiri," nikasema.

"Usifikiri sana," dresa alisema kwa upole. "Rudi wiki hii hii."

Habari hizo zilifika Temeke kupitia kwa Selemani, ambaye alikuwa akija Ijumaa baada ya sala na kukaa mbali nami kidogo, akinitazama na kuchora mchangani kwa kijiti. Kesho yake mama alikuja mwenyewe. Alikuwa ametembea njia yote ile, miguu imejaa vumbi, uso umejaa jambo.

"Nimekwenda kwa fundi wa kupunga pepo," alisema hata kabla hajanywa maji. "Kasema una pepo. Anataka ngoma yake, uvumba, kilemba chekundu, achezewe mpaka atulie. Na hizo sindano hazitaki. Ndiye huyo anayekuziba masikio, anakuonya. Tumeshapatana na fundi. Shangazi zako wa Mbagala wote wanakuja. Twende."

"Mama, ni dawa inayofanya hivyo. Daktari kaniambia."

"Kwa hiyo dawa yenyewe inakuua! Na bado unaikimbilia! Mwanangu, wewe ni mwimbaji. Mwimbaji bila masikio ni nini?"

Neno hilo liliingia mahali pake. Nikamwomba anipe siku chache. Akasema atalala kwa shangazi, hatoki pale bila mie.

Nilifanya istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye heri. Tangu udogo nilisikia kwamba ukishaisali utaota ndoto, na ndoto itakuonyesha njia. Nikasali, nikalala ubavu wa kulia, nikangoja ndoto. Niliota samaki. Samaki wa kukaanga, nimeunguza upande mmoja. Nikasali tena, sikuota chochote. Mara ya tatu niliamka nikakuta nimelala fofofo kama mtoto, wala sikumbuki kitu.

Alasiri ya siku iliyofuata nilikaa kwenye mkeka mlangoni pa kibanda baada ya sala. Mama alikuwa kwa mbali akimsaidia shangazi kumenya mihogo, wamenuniana, kisu cha mmoja kinakwenda kasi kuliko cha mwenziwe. Nilikuwa nimechoka kungoja. Nikalitumia lile ombi la Mama Petro. Nikasema, Ya Rabi, nimechoka. Basi. Sikuongeza neno.

Sitaki kukudanganya kwamba nilisikia sauti. Sikusikia. Lakini nilipomtazama mama yangu kule, kwa mara ya kwanza tangu niugue, sikumwona mtu aliyefunga mlango kwa mguu. Nilimwona mwanamke aliyekwisha kumzika mume, ambaye amebakiwa na mtoto mmoja, naye anamwona anakwenda, na hajui afanye nini ila kukimbia huku na huku. Vumbi la Temeke lilikuwa bado miguuni mwake. Nikamwonea huruma isiyokuwa yangu, maana mie nilikuwa na hasira naye. Nikajiuliza imetoka wapi. Na hapo likanijia, kwa utulivu tu, kwamba kama mie naweza kupewa jicho la namna hii kwa mama yangu, basi Mwenye jicho hilo ananitazama mie kwa hilo hilo. Haniangalii kama hatari, wala kama pengo, wala kama koo.

Hofu ilikuwa bado ipo. Ila ilikuwa imeketi.

Nikaenda kwao. "Mama," nikasema, "nitaendelea na sindano."

"Na ngoma?"

"Sitacheza ngoma."

"Masikio yako?"

"Zena anahitaji mama anayepumua. Masikio nimeyaacha kwa aliyenipa."

Alitupa kisu ndani ya ungo. "Umekaa peke yako mpaka umepotea," alisema. "Hakuna anayekusemesha, umejisemesha mwenyewe ukadhani ni Mungu. Basi mie sina mtoto Kinondoni. Niliye naye yuko Temeke, nitamlea." Akafunga kanga yake kiunoni, akaondoka. Bi Tatu aliendelea kumenya. Baadaye sana alisema, "Atarudi."

Maneno ya mama yalinitesa, kwa sababu yawezekana yalikuwa kweli. Mtu aliyejitenga anaweza kujidanganya kwa urahisi, hana wa kumkatalia. Ninachoweza kukwambia ni kipimo nilichokitumia mie. Ningekuwa nimejisemesha mwenyewe, ningejipa masikio yangu na sauti yangu. Lile nililopewa sikulitaka, na liliniacha nampenda mtu niliyekuwa nimemkasirikia.

Masika yakaja. Msimbazi ukafurika, Selemani akashindwa kuvuka Ijumaa moja, kisha nyingine. Kliniki nilikwenda kwa kupita matope, nashika miti, maana kizunguzungu kilikuwa hakiniachi. Na sauti za dunia zikaanza kuniaga. Sikujua zinaondoka kwa zamu. Kwanza ndege. Kisha mvua, nikawa naiona inapiga makuti juu yangu kama kitu kinachotokea mbali. Kisha adhana. Hiyo nililia. Bi Tatu alinikuta nimekaa na wakati umepita, tangu hapo kila wakati wa sala alikuja akanigonga begani kwa kidole kimoja, kigumu, akaenda zake. Kidole kile ndicho kilichokuwa muadhini wangu.

Asubuhi moja niliposoma Alhamdu sikujisikia. Nilijua midomo inatamka, koo linatetemeka, lakini sauti haikunifikia. Nikanyamaza katikati kwa woga. Maisha yangu yote nilikuwa najisikiliza. Hata katika sala, nisiwe mnafiki, sikio moja lilikuwa linaonja sauti yangu ikoje leo. Nikaanza tena, polepole. Hakuna aliyenisikia, si Bi Tatu aliyekuwa shambani, si mwenyewe. Nikatambua kwamba sasa nasikilizwa na mmoja tu. Nikamaliza sala ile, nikakaa muda mrefu. Nilikuwa mpweke kuliko siku nyingine yoyote, na sikutaka kuondoka pale.

Siku za mwisho za masika nilifika benchini nikaona mahali pa Mama Petro ni patupu. Nikangoja. Dresa alipotokea nikamwuliza kwa ishara, yuko wapi mwenzangu? Akasema kitu. Sikusikia. Akarudia, nikaweka kiganja sikioni. Watu walikuwa wengi, wametugeukia. Yule dresa maskini alitazama huku na huku, kisha akainama karibu na sikio langu la kushoto, ambalo lilikuwa bado linaambulia sauti nzito, akapiga kelele: "Amefariki! Juzi!" Benchi zima likashtuka. Nadhani walisikia mpaka barabarani. Nikaketi mahali pake. Niliomba vile alivyokuwa akiomba, nikamwombea yeye, ingawa sikujua kwao huombewaje.

Hapo ndipo nilipoelewa pia kwamba kujitenga kuna mwisho wake. Sikumpata Mama Petro kwa kukimbia watu, nilimpata kwenye benchi. Nilimtuma Selemani, maji yalipopungua, amwambie Mwajuma aje akipenda. Alikuja kipupwe kilipoanza. Alikaa nami asubuhi nzima, hakuleta habari za arusi, wala mie nisingezisikia. Alinisuka nywele. Zilikuwa zimeota upya, laini kama za mtoto.

Ilikuwa katika siku hizo za ubaridi daktari alipoinua picha mpya dirishani. Mate yangu yalikuwa yameshapimwa mara kadhaa, ni safi. Akanigeukia, akanionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na doa na sasa pana kovu. Kisha akaonyesha njia, mkono umenyooka, na kwa mara ya kwanza nilimwona anacheka. Sikuhitaji mfasiri.

Bi Tatu hakuniaga. Alirudisha nazi zake kibandani wakati mie bado nafunga mzigo, moja moja, kwa hasira, na nilipoinama kumuaga akaniwekea kichwani mkono uliojaa udongo, akauacha pale muda mrefu.

Temeke, mama alikuwa barazani akichambua mchele. Hatukuwa tumeonana tangu aondoke siku ile. Nikasimama, nikasema, "Shikamoo mama." Nilihisi sauti yangu imetoka, sikujua ni kubwa au ndogo. Midomo yake ilicheza. Sikupata neno. Nikabaki namtazama. Akasema tena, uso ukawa mkali, akageuka kwenye ungo wake. Nilijua amedhani namnunia. Selemani, ambaye alikuwa hajathubutu kumweleza, akamwinamia akamwambia kwamba sisikii tena.

Mama alisimama, mchele ukamwagika. Alikuja akanishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku, akanigeuza kule, kama anayetafuta mahali palipoharibika. Alikuwa analia na kusema mfululizo, na mie nikawa naitikia kwa kichwa kila kitu, maana nilijua hakuna hata kimoja ambacho nisingekikubali.

Zena alikuwa amesimama nyuma ya nguzo. Amerefuka. Alinitazama kama watoto wanavyomtazama mgeni aliyesifiwa sana kabla hajafika. Sikumwita. Niliketi chini, pale pale kwenye mchele, nikangoja. Mama akamwambia kitu, akaonyesha sikio langu la kushoto, akamsukuma kidogo.

Mtoto akaja hatua kwa hatua. Akanishika shingo, akaweka midomo kwenye sikio. Nilihisi joto la pumzi yake, unyevu wake, na mtetemo mdogo ulioingia mpaka ndani. Mwaka mzima nilikuwa nimekatazwa pumzi hiyo. Neno lenyewe sikulisikia, lakini nilijua ni lipi linalosemwa na mtoto kwa mama yake.

"Marahaba," nikasema.

Akazunguka, akanisemea kwenye sikio la pili pia.